Kunguru Wawili wa Lisbon: Mhadhara juu ya Bendera na Nembo ya Jiji la Pwani



Kila aliyetembea Malindi ameiona nguzo ya Vasco da Gama, pale kwenye jabali linaloingia baharini. Nguzo yenyewe ni ya mawe ya matumbawe, na juu yake umesimama msalaba wa jiwe la chokaa lililoletwa na meli kutoka Lisbon. Juu ya msalaba huo imechongwa ngao ya Ureno, ile yenye ngao ndogo tano ndani yake. Hiyo ni ngao ya mfalme. Iliundwa isafirishwe, isimikwe kwenye pwani za watu wengine, na iwaambie wapitao kwamba Mreno alikwisha kufika.

Leo sitazungumza juu ya ngao ya mfalme. Nitazungumza juu ya nembo ya mji lilikokatwa jiwe lile, mji ambao Vasco da Gama aling'oa nanga mbele yake tarehe 8 Julai 1497. Lisbon ina bendera yake na nembo yake, za halmashauri ya jiji, na nembo hiyo ni kongwe kuliko safari ile kwa zaidi ya miaka mia mbili. Wala hamtaona ndani ya ngao yake upanga, simba, au mfalme juu ya farasi. Mtaona chombo cha baharini na ndege wawili weusi.

Kwa kawaida nembo hii hufundishwa kama kumbukumbu ya ushindi: Wakristo waliuteka mji kutoka kwa Waislamu, kisha wakamleta mtakatifu wao kuubariki. Mimi nimekuja na hoja tofauti. Ukifuata asili ya kunguru hawa, utakuta ni urithi walioachiwa washindi na wale walioshindwa, na mmoja wa mashahidi wetu wa kuaminika katika jambo hili ni mwanajiografia Mwislamu aliyeandika kwa Kiarabu.

Tuanze na bendera, maana ndiyo inayoonekana kwanza. Chukua kitambaa, pitisha mstari wima katikati, pitisha mwingine mlalo, kisha piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Utapata pembetatu nane zinazokutana katikati. Zipake rangi kwa kupokezana, nyeupe na nyeusi. Hiyo ndiyo bendera ya Lisbon, na katikati yake huwekwa nembo. Bendera ya kubebwa katika maandamano ni ya hariri na umbo lake ni mraba. Hufungwa kwenye mlingoti uliopakwa dhahabu na wenye ncha ya mkuki, na kamba na vishada vyake hufuata rangi zilezile mbili.

Sasa tuikaribie nembo. Ngao ina uwanja wa dhahabu. Chini kuna bahari ya mistari ya mawimbi, ya kijani na ya fedha, na juu ya bahari kuna chombo cheusi chenye mlingoti mmoja. Nawaomba muutazame mlingoti huo vizuri, kwa sababu watu wengi huupita. Tanga limekunjwa. Limefungwa kwenye foromali kwa mafundo, likatoka mafumbatu matano ya kitambaa cheupe. Jahazi linaloondoka huchorwa tanga likiwa limejaa upepo. Hili limekunja tanga, kwa hiyo limekwisha kufika. Basi mchoro huu unahusu kuwasili, na watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa kwamba kuwasili na kuondoka ni habari mbili tofauti.

Kunguru mmoja amesimama kwenye omo, mwingine kwenye tezi, na wote wawili wametazama ndani ya chombo. Kunguru wa baharini angetazama mbele kutafuta nchi kavu, au nyuma kuangalia kule alikotoka. Hawa wanatazamana, kama walinzi waliokabidhiwa shehena. Shehena yenyewe haionekani, na mtu asiyejua kisa hawezi kuikisia. Ni maiti.

Maiti hiyo ni ya Vinsenti, shemasi wa Zaragoza, aliyeuawa Valencia mwaka 304 wakati Kaisari Diokletiano alipowatesa Wakristo. Mshairi wa Kilatini Prudentius, aliyeandika miaka mia hivi baada ya tukio, anaeleza kwamba mwili ulitupwa uwandani uliwe na wanyama, na kunguru akaja akaulinda hata akamfukuza mbwa mwitu. Ulipofungiwa jiwe zito na kutoswa baharini, ulirudi ufukoni. Sina haja ya kupima hapa ukweli wa miujiza hiyo. Ninachotaka tukishike ni kwamba kunguru alikuwamo ndani ya kisa tangu karne zile za mwanzo, kabla Ureno haijawa nchi.

Najua wapo humu wanaotabasamu. Kunguru kwetu ni mwizi wa samaki pale Forodhani na mharibifu wa vifaranga, na yule anayetusumbua Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa ni ndege wa kuletwa kutoka Bara Hindi. Kunguru wa kisa hiki ni aina nyingine: ni mkubwa zaidi, mweusi mwili mzima, mdomo mnene, na makao yake ni majabalini. Tena wahenga wetu walisema kunguru hafugiki. Lisbon, kama mtakavyosikia, walimfuga.

Waislamu walivuka kuingia Uhispania mwaka 711. Simulizi la Wakristo linasema kwamba baadaye, katika karne hiyo ya nane, baadhi ya waumini wa Valencia waliuchukua mwili wa Vinsenti, wakaupeleka mbali kabisa upande wa magharibi, hadi kwenye rasi iliyo pembe ya kusini-magharibi ya Ulaya yote. Leo rasi hiyo ipo katika manispaa ya Vila do Bispo, na jina lake bado ni Rasi ya Mtakatifu Vinsenti. Ni mahali pa upepo mkali na majabali yaliyokatika wima hadi baharini. Mnara wa taa uliopo ulijengwa mwaka 1846. Huko, wanasema, mwili ulizikwa na kanisa likajengwa juu yake, na kunguru wakahamia hapo.

Hapa ndipo anapoingia shahidi wangu. Jina lake ni al-Idrisi. Wasomaji wa historia ya pwani yetu wanamfahamu, kwa kuwa ni yeye aliyeandika habari za Malindi na za Mombasa katika kitabu kilekile alichokikamilisha mwaka 1154, huko Palermo, kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia. Katika kitabu hicho ameandika pia juu ya rasi ile. Analitaja kanisa lake kwa jina la Kanisat al-Ghurab, Kanisa la Kunguru. Anasema halijabadilika tangu zama za utawala wa Wakristo, kwamba lina mali zilizotolewa na waumini, na kwamba wasafiri wanaopita hapo hukirimiwa chakula. Juu ya paa lake, anasema, kuna kunguru kumi ambao hawajapata kukosekana. Waandishi wengine wa Kiislamu waliofuata wakaongeza kwamba kunguru alikuwa akiwatangaza wageni: alipiga kelele kwa idadi yao, ili wa ndani wajue sahani ngapi za kuandaa.

Fikirini maana ya ushahidi huo. Mwaka 1154 eneo lile lilikuwa chini ya Waislamu, na lilikuwa limekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia nne. Kanisa lipo, lina mashamba, lina mapadri, linapokea wageni wa dini zote, na mwandishi Mwislamu analieleza bila chuki, kwa furaha ya mtu aliyesikia jambo la kustaajabisha. Walioitunza ibada ya Vinsenti miaka yote hiyo ni Wakristo waliozungumza Kiarabu, waliovaa na kula kama majirani zao Waislamu, na ambao wanahistoria huwaita Wamozarabu. Wao ndio waliokuwa na mtakatifu huyu. Watu wa kaskazini, waliokuja kuuteka mji, walimpokea kutoka kwao.

Mji wenyewe uliitwa al-Ushbuna. Al-Idrisi anausimulia nao, na kuna habari moja ambayo siwezi kuiacha ingawa inanitoa njiani kidogo. Anasema vijana wanane wa ukoo mmoja walijenga chombo, wakapakia maji na chakula cha miezi, wakaondoka Lisbon kwenda kuona bahari kuu inaishia wapi. Walikutana na visiwa, wakakamatwa, na mwishowe wakatupwa kwenye pwani ya Maghrib. Mtaa mmoja karibu na hamamu za maji moto mjini uliitwa kwa jina lao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba jahazi kwenye nembo ya Lisbon linaashiria ubaharia uliozaliwa na wafalme wa Ureno, mkumbushe kwamba mji ule ulikuwa na mtaa wa mabaharia wake, wenye jina la Kiarabu, kabla Ureno haijaingia ndani ya kuta zake.

Iliingia mwaka 1147. Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliuzingira mji tangu mwanzo wa Julai akisaidiwa na jeshi la Vita vya Msalaba lililokuwa likipita kwa merikebu kwenda Nchi Takatifu: Waingereza, Waflemi na Wajerumani. Mji ulisalimu amri mwezi Oktoba. Kasisi mmoja aliyekuwa na kundi la Waingereza aliandika aliyoyaona, na mswada wake umehifadhiwa Cambridge hadi leo. Anasimulia kwamba mapatano yalisema wenyeji watoke salama, lakini watu wa Cologne na wa Flanders waliyavunja, wakapora, wakawaondoa watu majumbani mwao. Kisha anaandika jambo ambalo kila mwanafunzi wa nembo hii angepaswa kulijua: walimuua askofu wa mji, mzee wa miaka mingi sana, kwa kumkata koo.

Askofu. Al-Ushbuna, mji wa Waislamu, ulikuwa na askofu wa Kikristo, na aliyemuua ni Mkristo aliyeshonewa msalaba kwenye vazi. Jina la mzee huyo halikuandikwa. Mahali pake akawekwa Mwingereza, Gilbert wa Hastings.

Sasa nendeni miaka 26 mbele. Mwaka 1173, wakati wa suluhu na watawala wa Kiislamu wa kusini, Afonso Henriques alituma chombo hadi rasi ile. Inasimuliwa kwamba alipajua mahali pa kaburi kwa kuambiwa na Wamozarabu wazee, ambao hapo awali jeshi lake mwenyewe liliwateka kusini na kuwaleta kama mateka. Mwili ukachimbuliwa, ukapakiwa, na chombo kikapanda kaskazini kando ya pwani. Kunguru wawili walifuatana nacho, mmoja omo, mmoja tezi, hadi mdomo wa mto Tagus. Kiliingia mwezi Septemba. Masalia yalishushwa usiku na kuwekwa kwanza katika kanisa la Santa Justa, kwa kuwa watawa wa monasteri ya São Vicente na mapadri wa kanisa kuu walikuwa wakigombea kuyapata. Kanisa kuu ndilo lililoyachukua.

Kwa nini mfalme aliyahitaji masalia hayo kiasi hicho? Jibu langu ni la kisiasa, na nalisema bila kumvunjia heshima mtu yeyote anayemwomba Mtakatifu Vinsenti. Lisbon ya mwaka 1173 ilikuwa na watu wasioaminiana: wapiganaji wa kaskazini waliopewa mashamba, Wareno wa Coimbra na Guimarães, Wamozarabu waliokuwa na kumbukumbu ya askofu wao, Wayahudi, na Waislamu waliobaki. Miaka mitatu tu kabla, mwaka 1170, mfalme huyohuyo aliwapa Waislamu huru wa Lisbon hati ya kuwalinda, akawatambua kama watu walio chini yake. Mji wa namna hiyo hauunganishwi na ngao ya ukoo wa kifalme. Mtakatifu wa Wamozarabu, ambaye hata Waislamu walilijua kanisa lake na kula chakula chake, angeweza kufanya kazi ambayo askofu wa kutoka Hastings hakuiweza. Kwa maoni yangu, nembo ya Lisbon ilizaliwa kutokana na haja hiyo ya kuwaweka pamoja watu walioumizana.

Katika karne ya 13 chombo na kunguru vilikuwa tayari kwenye mhuri wa halmashauri. Ushahidi wa jiwe upo hadi sasa pale Chafariz de Andaluz, bomba la zamani la maji ya umma, ambapo chombo kimechongwa pamoja na maandishi ya mwaka 1336. Inanifurahisha kwamba moja ya michoro mikongwe ya nembo ipo mahali pa kuteka maji. Kazi ya halmashauri ni maji, njia na soko, na nembo iliwekwa pale mwananchi wa kawaida alipokuja na mtungi wake.

Lakini alama haibaki na kazi moja. Mwaka 1415 Mfalme João wa Kwanza alivuka mlango wa bahari na kuuteka mji wa Ceuta, katika pwani ya Afrika ya Kaskazini. Hapo ndipo wanahistoria wengi huanzisha hesabu ya dola ya Ureno ng'ambo. Bendera ya Lisbon ilipandishwa juu ya Ceuta, na haijashushwa. Ureno ilipojitenga na Uhispania mwaka 1640, Ceuta ilibaki na mfalme wa Uhispania, na mkataba wa mwaka 1668 ukathibitisha hivyo. Hata sasa Ceuta ni mji wa Uhispania, na bado unapeperusha pembetatu nane nyeupe na nyeusi, huku katikati ikiwa ngao ya Ureno. Kunguru hawakuvuka. Pembetatu zilivuka, na katika Ceuta hazina kisa cha kuwasili kwa mtu yeyote isipokuwa jeshi.

Kisha kuna tarehe mbili ambazo naomba tuzisome pamoja, sisi hasa tulio upande huu wa bahari. Mwezi Desemba mwaka 1496 Mfalme Manuel alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi na Waislamu katika Ureno. Hati ile ya mwaka 1170 ikafa. Mtaa wa Mouraria, walikoishi Waislamu wa Lisbon chini ya ngome kwa zaidi ya miaka mia tatu, ukapoteza wenyewe. Miezi saba baadaye Vasco da Gama akaondoka. Mabaharia waliofika Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakashangaa kukuta miji ya mawe ya Waislamu yenye biashara na adabu, walitoka katika mji ambao jirani Mwislamu alikuwa ameondolewa juzi tu. Kila nikisoma habari za mapokezi yao na wasiwasi wao mbele ya masheikh wa pwani yetu, hukumbuka kwamba walikuwa na Mouraria nyuma yao.

Nirudi kwenye nembo, nipite haraka karne za wafalme na tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755 lililoubomoa mji. Mwaka 1910, tarehe 5 Oktoba, Jamhuri ya Ureno ilitangazwa kutoka kwenye roshani ya jengo la halmashauri ya Lisbon. Bendera ya taifa ya buluu na nyeupe ikaondolewa, ikaja ya kijani na nyekundu, na taji la mfalme likaondoka katika nembo ya taifa. Manispaa, hata hivyo, ziliendelea kwa miaka na nembo za kila aina. Nyingine zilibeba taji la kifalme, nyingine zilichorwa na fundi aliyepatikana.

Utaratibu ulikuja kwa waraka wa serikali wa tarehe 14 Aprili 1930. Waraka uliagiza kila manispaa isahihishe nembo yake, na ushauri utoke katika kitengo cha nembo cha Chama cha Wanaakiolojia wa Ureno. Mtu aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo ni Afonso de Dornelas, aliyeandika maoni ya kitaalamu kwa manispaa moja baada ya nyingine nchi nzima. Juu ya ngao, badala ya taji la mfalme, likawekwa taji la ukuta, yaani ukuta wa ngome wenye minara, alama waliyoirithi kutoka Roma ya kale. Minara minne ya fedha kwa mji mdogo, mitano ya fedha kwa jiji. Lisbon peke yake, kwa kuwa ni makao makuu, ina minara mitano ya dhahabu. Bendera ya pembetatu nane ikafanywa alama ya majiji yote ya Ureno, kila moja kwa rangi zake, na miji midogo ikapewa bendera ya rangi moja au iliyogawanywa robo nne. Sheria ya mwaka 1991 iliendeleza utaratibu huo na kuzipa kata minara mitatu.

Naliheshimu sana jambo hili. Mtu yeyote anayesafiri Ureno anaweza kuhesabu minara kwenye kibao cha barabarani akajua ameingia katika kata, mji mdogo au jiji. Nembo za mitaa zinasomeka, na mtoto wa shule anaweza kufundishwa namna ya kuzisoma kwa somo moja. Halmashauri ngapi katika nchi zetu zina kanuni ya namna hiyo? Tunazo nembo zilizosongamana mlima, samaki, jembe, kitabu na jua vyote pamoja, hata macho hayajui pa kutua. Kanuni nyingine katika fani hii inasema dhahabu na fedha zisiwekwe moja juu ya nyingine, wala rangi juu ya rangi, ili kitu kionekane kutoka mbali. Chombo cheusi juu ya dhahabu kinaonekana. Hilo ni somo ambalo mchoraji yeyote wa nembo anaweza kulichukua kesho asubuhi.

Hata hivyo waraka huo ulikuwa wa zama za udikteta, na mkono uleule ulioratibu nembo za miji ya Ureno ulifika makoloni. Mwaka 1935 makoloni yalipewa nembo rasmi. Zote zilijengwa kwa kiolezo kimoja: ngao ndogo tano za Ureno upande mmoja, mawimbi ya kijani na fedha chini, na upande uliobaki ndipo koloni lilipopewa alama yake. Msumbiji ilipewa fungu la mishale saba ya kijani. Hakuna aliyewauliza watu wa Msumbiji wanaikumbuka nchi yao kwa alama gani. Mishale hiyo ilipoteza kazi baada ya uhuru wa mwaka 1975, na sijapata kumsikia mtu akiililia. Kunguru wa Lisbon wamedumu miaka mia nane kwa sababu kisa chao kilikuwa vinywani mwa watu kabla hakijafika kwa mchongaji. Mishale ya mwaka 1935 ilianzia ofisini.

Na kweli kunguru walikuwa vinywani. Katika ua wa kanisa kuu la Lisbon walifugwa kunguru hai kwa heshima ya mtakatifu, na desturi hiyo ilifika hadi karne ya 20. Wauza mkaa na wenye vilabu vya mvinyo nao walikuwa na wao, waliozoea watu na kudokoa chakula, na kila kunguru wa Lisbon aliitwa Vicente. Mwandishi Miguel Torga, katika kitabu chake cha hadithi za wanyama cha mwaka 1940, alimpa jina hilohilo kunguru anayeikimbia safina ya Nuhu. Ukitembea mjini leo utamkuta chini ya miguu yako, katika sakafu za njia zilizopangwa kwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyokatwa kwa nyundo. Utamkuta juu ya nguzo za taa za chuma, na kwenye barua za halmashauri, ambako chombo kimepunguzwa kikabaki mistari michache.

Ajabu ni kwamba mtakatifu mwenyewe amesahauliwa na sherehe. Siku yake ni tarehe 22 Januari, na hupita kimya. Sikukuu ya jiji ni tarehe 13 Juni, ya Mtakatifu Antoni, yule tunayemwita wa Padua ingawa alizaliwa Lisbon. Siku hiyo mitaa hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa, watu hucheza hadi alfajiri, na juu ya vichwa vyao hupepea bendera ya Vinsenti. Sioni ubaya. Antoni ni mtoto wa nyumbani na amepewa ngoma. Vinsenti aliletwa kwa jahazi, akapewa bendera.

Mouraria nayo haikubaki tupu. Uwanja ulio chini yake unaitwa Martim Moniz, jina la shujaa anayesimuliwa kufa langoni mwaka 1147 ili mlango wa ngome usifungwe, na maduka yanayouzunguka leo ni ya watu wa Bangladesh, Pakistan, India na China. Jumuiya ya Kiislamu ya Lisbon iliundwa mwaka 1968, na baada ya uhuru wa Msumbiji iliongezeka kwa familia zilizohamia kutoka huko, nyingi zikiwa na asili ya Bara Hindi. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa mwaka 1985. Kwa hiyo baadhi ya Waislamu wanaolipa kodi kwa halmashauri ya chombo na kunguru ni watu wa bahari yetu, wazaliwa wa Lourenço Marques na wa Kisiwa cha Msumbiji.

Ninachodai kwa ajili yao, na kwa ajili ya yule askofu aliyekatwa koo, ni kidogo. Pale watoto wa Lisbon wanapofundishwa nembo ya jiji lao, wafundishwe pia ukurasa wa al-Idrisi kuhusu Kanisa la Kunguru, na wasomewe hati ya mwaka 1170. Hakuna haja ya kubadili hata mstari mmoja wa mchoro.

Nimemaliza. Nakaribisha maswali, na ningependa kuanza na wale waliotoka Malindi.